Hemedi Bin Nani?

Kijitabu kilikuwa cha kurasa 16, jalada la kijani, kimebanwa kwa pini mbili za stepla. Nilikitengeneza mwenyewe kwenye steshenari yangu ya Ngamiani, hapa Tanga, usiku baada ya kufunga mlango, maana mchana mashine ile inatoa kopi za vitambulisho na fomu za wanafunzi na haipati hata nafasi ya kupoa. Nilitoa nakala 60. Tulikuwa na hitma ya babu yetu, Hemedi, na shangazi aliapa kwamba safari hii kila atakayekula pilau yetu ataondoka na historia ya ukoo mkononi.

Hitma ikasomwa, dua ikaitikiwa, na wakati masinia yanashushwa nikapita nikiwagawia wageni. Karibu na mlango alikaa mzee mmoja wa Chumbageni ambaye nilikuwa namjua kwa sura tu. Alikisogeza kijitabu karibu na macho, akakisogeza mbali, akavua miwani, akasoma bila miwani. Wenzake walishanawa. Yeye alikuwa bado yuko ukurasa wa 3.

"Hemedi," akaniita, maana jina langu ndilo hilo la babu.

"Naam."

"Huyu Abdallah bin Hemedi hapa, bin nani?"

"Bin Abdallah, mzee wangu. Ni mtoto wa yule mtunzi wa utenzi wa vita vya Wadachi."

"Kakwambia nani?"

Sikuwa na la kujibu, kwa sababu hakuna aliyeniambia. Niliyaona majina mawili yamekaa mkao wa kufuatana kama mabehewa, nikayaunga.

"Abdallah ni bin Hemedi bin Ali," akasema taratibu, kama anayemsomesha mtoto juzuu. "Liajjemi. Na huyu mtunzi wako ni Buhriy. Sasa wewe umemchukua mtoto wa watu, ana baba yake na babu yake, ukampa baba mwingine. Mama yake umemwoza mume wa pili, bila walii wala mashahidi."

Watu wakaangua kicheko. Na mimi nikacheka nao, kwa kuwa mtu akichekwa kwenye hitma ya kwao hana pa kukimbilia. Shangazi hakucheka.

Niwaeleze hao watu wawili mpate kuuona mtego ulivyokaa. Hemedi bin Abdallah bin Said bin Abdallah bin Masudi el-Buhriy alikuwa mtu wa Tanga, naye ndiye aliyetunga Utenzi wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima. Humo anasimulia Wajerumani, ndio hao Wadachi, walivyokuja kuushika mwambao wa Mrima mwaka 1888, watu wa Mrima walivyokataa, na mapigano ya Bushiri bin Salim, yule aliyenyongwa Pangani Desemba 1889. Abdallah bin Hemedi bin Ali Liajjemi ndiye mwandishi wa Habari za Wakilindi, kitabu cha ukoo wa watawala wa Usambaa kinachoanza na Mbega, mwindaji aliyehama kwao Ungulu akaja kuwa mfalme wa Wasambaa pale Vuga. Hicho kilichapwa kwa wamisheni wa Magila, sehemu kwa sehemu, ya mwisho ikatoka mwaka 1907. Wote wawili waliandika Kiswahili, wote ni wa zama moja, wote habari zao ni za mkoa huu wetu wa leo, na aliyevihariri vitabu vya wote wawili ni mtu mmoja, J.W.T. Allen. Vitabu vyao utavikuta vimekaa bega kwa bega. Huku Hemedi bin Abdallah, huku Abdallah bin Hemedi. Mtu aliyechoka, saa sita ya usiku, atasema nini kama si baba na mwana?

Halafu sisi wenyewe tumezoea. Kwetu mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu mzaa baba, kwa hiyo majina yanapokezana zamu kama walinzi wa bandarini: Hemedi bin Abdallah bin Hemedi bin Abdallah. Mimi ni Hemedi, baba yangu Abdallah, mwanangu Abdallah. Mama yangu hakupata kuniita kwa jina langu hata siku moja, kwa kuwa lilikuwa jina la mkwewe na jina la mkwe halitajwi ovyo. Aliniita Babu. Chuoni tulikuwa akina Hemedi wanne, somo watupu, yaani watu wa jina moja: Hemedi Mweusi, Hemedi wa Barabara ya 8, Hemedi Kigugumizi (masikini, kigugumizi kilishamtoka zamani, jina halikumtoka), na mimi Hemedi Babu. Hata leo nina somo yangu mahali fulani hapa Tanga, Mungu amsitiri, amekopa hela za simu na hajalipa, na wanaomdai wananipigia mimi. Nimewaambia mara tatu kwamba mimi siye. Wananijibu kwamba jina ni hilo hilo.

Yaani mtu ambaye kila mwezi anadaiwa deni la somo yake, ndiye huyo huyo aliyekaa usiku akawachanganya somo wa watu.

Kesho yake nikaanza kuvikusanya. Nilipita nyumba hadi nyumba nikisema kuna kosa la uchapaji, uongo mdogo ambao watu wa steshenari tunausema sana. Nilirudishiwa 41. Kurasa za kimoja nilizikuta sokoni Mgandini zimefungiwa ubuyu, na nilinunua mafungu yote manne ili nizipate. Vilivyobaki vilishapanda mabasi ya Pangani na Mombasa na wageni wake. Bado viko huko, na jalada lina jina langu.

Siku ya tatu nikachukua kilo 2 za sukari nikaenda Chumbageni kwa yule mzee. Nilitarajia anipe nasaba zote nikae niandike. Hakunipa. Alinikaribisha barazani, akamimina kahawa, akaniuliza kama hivyo vitabu viwili nimevisoma au nimesoma majina ya waandishi tu. Nikanyamaza. Akasema, "Nenda kavisome. Halafu uje uniambie, huyu anatazama wapi na yule anatazama wapi."

Nilikwenda maktaba. Kumpata Liajjemi kulinichukua asubuhi nzima, kwa sababu nilimtafuta kwenye A ya Abdallah, nikamtafuta kwenye H ya Hemedi, nikamtafuta kwenye L, kumbe mahali pengine jina hilo hilo limeandikwa Ajjemy, ile "li" ikiwa ni "al" ya Kiarabu iliyomezwa na ulimi wa Kiswahili. Ajemi mnaijua: ndiyo ile ya Uajemi. Jina limebeba habari ya asili yake, na mimi kwenye kijitabu nililikata kwa sababu lilikuwa halienei kwenye mstari.

Nikasoma. Ndani ya wiki mbili nikaelewa swali la mzee. Mmoja anatazama bahari. Habari zake ni meli, mizinga, bendera inayopandishwa na bendera inayoteremshwa, Sultani yuko Unguja anasema nini, Pangani kumezuka nini. Mwingine anatazama mlima. Kwake ni Vuga na Mazinde, nani kamrithi nani, mvua, uganga, ugomvi wa ndugu kwa ndugu baada ya kufa mfalme Kimweri. Anamsema Semboja wa Mazinde kama mtu aliyekaa naye, na ndivyo ilivyokuwa, kwani aliishi na wakubwa wa Kikilindi miaka mingi kabla Wadachi hawajatia mguu. Ungefuta majina kwenye majalada yote mawili, bado usingewachanganya. Tangu hapo, kabla sijauliza mtu anaitwa nani, nauliza alikuwa wapi na aliona nini.

Na ni kweli mtunzi alikuwa na mtoto mashuhuri. Ila mtoto huyo ni Sheikh Ali bin Hemedi el-Buhriy, kadhi, aliyeandika juu ya mirathi na ndoa katika sheria ya Kiislamu. Sasa angalieni: Ali bin Hemedi ni mtoto wa mtunzi wa utenzi, na Hemedi bin Ali ni baba wa mwandishi wa Wakilindi. Nilipoligundua hilo nilifunga daftari nikaenda kunywa kahawa.

Daftari lenyewe ni la kaunta, lile jeusi lenye mgongo mwekundu. Kila mtu nilimpa karatasi yake, na sheria niliyojiwekea ni moja: hakuna mtu anayeingia na majina mawili. Awe na la tatu, au nisba ya ukoo, au lakabu (jina la kupachikwa na watu), au mji wake. Asipokuwa nalo lolote katika hayo anakaa kwenye kurasa za nyuma, akisubiri. Kurasa za nyuma zilijaa haraka kuliko za mbele.

Maana kijitabu changu hakikuwa na kosa moja. Mzee aliishia ukurasa wa 3, alhamdulillahi. Ukurasa wa 9 nilikuwa na kichwa cha habari "Somo Mashuhuri wa Babu Yetu", na humo nilimwua Tippu Tip, yule tajiri wa misafara ya pembe na watumwa, mwaka 1896.

Ilikuwaje? Tippu Tip jina lake ni Hamed bin Muhammad bin Juma el-Murjebi. Aliandika maisha yake mwenyewe kwa Kiswahili, Mjerumani Heinrich Brode akayatoa mwanzoni mwa karne ya 20. Mahali pengine utakuta Hemedi bin Muhammad, pengine Hamad, pengine Hamid. Mimi, katika kupekua, nikapata mahali pamesemwa Hamad wa Unguja alikufa Agosti 1896. Nikaandika. Kumbe huyo ni Sayyid Hamad bin Thuwaini, Sultani mwenyewe, na kifo chake ndicho kilicholeta ile vita ya tarehe 27 Agosti ambayo haikufika hata saa moja. Tippu Tip alikufa Unguja mwaka 1905. Na nusura niongeze kosa juu ya kosa, kwa sababu aliyekalia kiti baada ya hapo ni Sayyid Hamoud bin Muhammad, aliyefariki 1902, na Tippu Tip naye ni bin Muhammad. Miaka hiyo hiyo, kisiwa hicho hicho, Hamad, Hamed, Hamoud.

Nilimpelekea mzee kosa hilo mwenyewe, kabla halijamfikia kwa mlango mwingine. Hakucheka. Alichukua kalamu yangu, akageuza bahasha ya bili ya maji, akaandika herufi tatu: ha, mim, dal.

"Soma."

"Hamadi," nikasema.

"Kwa nini si Hemedi?"

Nikatazama tena. Hapakuwa na irabu hata moja. Fataha, kasira, dhuma, hakuna.

"Kwa nini si Hamdu?" akaendelea. "Aliyeandika alikuwa anamjua mtu wake, hakuhitaji irabu. Wewe ndiye humjui." Kisha akatia wau katikati. "Sasa huyu Hamudi. Huyu kajiokoa kwa wau moja."

Nimeisoma Kurani tangu utoto na sikupata kulifikiria jambo hilo. Kiswahili cha wazee wetu kiliandikwa kwa herufi hizo, mara nyingi bila irabu, halafu wakaja Wadachi na Waingereza kila mmoja akaandika alivyosikia: Hamed, Hemed, Hemedi, Hamadi. Kwa hiyo mtu mmoja anaweza kuwa na majina manne kwenye vitabu vinne, na watu wanne wakawa na jina moja kwenye barua moja. Kulinganisha tahajia, ambako ndiko nilikokuwa nikitegemea, hakukunifaa kitu. Kilichobaki kunifaa ni yale mengine: baba, babu, ukoo, mji, na kazi ya mtu.

Na lakabu. Hii ndiyo niliyokuja kuipenda kuliko zote. Wasomi wanaidharau kidogo, wanaitia alama za kunukuu, lakini watu wanapomwongezea mwenzao jina ni kwa sababu la kwanza limeshindwa kazi. Hamed wako wengi. Tippu Tip ni mmoja. Mwenyewe anasema jina lilitoka kwenye mlio wa bunduki zake. Wengine husema ni kupepesa macho. Vyovyote, hakuna atakayemchanganya na Sultani.

Mnadhani hayo ni ya kale? Mpwa wangu, mtoto wa chuo, nilimtuma anitafutie kwenye simu akina Hemedi wa siku hizi. Alinirudia na karatasi safi kabisa, imepangwa, ambayo ndani yake Makamu wa Pili wa Rais wa Zanzibar alikuwa pia anaifundisha Taifa Stars. Wako wawili: Hemed Suleiman Abdulla, aliyeshika umakamu tangu 2020, na Hemed Suleiman, wakati huo kocha wa timu hiyo, ambaye watu wa mpira wanamwita Morocco. Majina mawili ya mwanzo sawa, wote Wazanzibari. Mpwa wangu aliposoma habari ya Morocco alifikiri kiongozi amesafiri kwenda Morocco. Nilimgombeza, kisha nikakumbuka pilau na masinia, nikapunguza sauti.

Kuna kosa jingine ambalo mpaka leo likinijia usiku najifunika shuka. Utenzi wa vita vya Wadachi una mwaka wake, 1307. Mimi nilipouona kwa mara ya kwanza nilisema hapa mpiga chapa amekosea, alikusudia 1907. Nikarekebisha. Na kwa kuwa 1907 ndio mwaka wa ile sehemu ya mwisho ya Wakilindi, nikaona ushahidi umekamilika: baba na mwana wametoa vitabu mwaka mmoja! Huo 1307 ni wa hijria. Ulianza Agosti 1889, na ndani yake ndimo Bushiri aliponyongwa. Marehemu alikuwa ameandika mwaka wake sawasawa, na mimi nikamsahihisha. Siku hizi nikiona mwaka sijui ni wa kalenda gani, sigusi mpaka nimetazama jedwali. Kutoa na kujumlisha kichwani hakusaidii, kwa sababu mwaka wa mwezi mwandamo unapungukiwa kama siku 11 na hizo zinarundikana.

Hapo sasa likabaki swali ambalo shangazi alikuwa akilingoja tangu siku ya hitma. Je, babu yetu ni wa ukoo wa mtunzi au si wa ukoo wa mtunzi? Kwenye kijitabu nilikuwa nimeandika kwamba ni wa ukoo huo, kwa maneno haya: "kama inavyojulikana na wazee wetu." Nikaamua kuwauliza hao wazee, mmoja mmoja, na sheria ya daftari ikawa kwamba naandika jina la msemaji kwanza, ndipo niandike alichosema.

Shangazi alisema kaambiwa na mjomba wa Pongwe. Nikapanda daladala mpaka Pongwe. Mjomba alikuwa anapalia mihogo. Alisimama akajiegemeza kwenye jembe, akafikiri, akasema hilo jambo alilisikia kwa baba yangu mdogo, tena siku ya harusi. Baba mdogo nilimpigia simu. Akacheka.

"Si wewe?"

"Mimi vipi, Baba?"

"Ulikuja na hilo neno mwenyewe, uko kidato cha pili. Umesimama pale kwenye mlango wa uani na sare zako, unasema babu ametunga utenzi, mwalimu kasema."

Nikakumbuka. Nilikumbuka vizuri mno. Mwalimu wetu wa Kiswahili alikuwa na mizaha, na siku tuliyofika kwenye tenzi alitazama daftari la mahudhurio akasema, "Hemedi bin Abdallah! Mtunzi mwenyewe tunaye hapa. Simama utusomee." Darasa likacheka. Nikarudi nyumbani na ule mzaha, nikaupamba kidogo njiani kama mtoto yeyote, nikaumwaga uani. Baba mdogo akaubeba harusini, mjomba akaupeleka Pongwe, ukakaa miaka, ukazeeka, ukaota mvi, ukarudi kwa shangazi ukiwa na heshima zake zote, na shangazi akanikabidhi mimi niuchape.

Nilikuwa nimesafiri mpaka Pongwe kwenda kujiuliza mwenyewe.

Shangazi nilimweleza jioni, barazani kwake, kwa tahadhari. Nilidhani atakasirika. Alikaa kimya akimenya ndizi mbichi, akasema, "Kwa hiyo hatuna kitu." Nikamwambia tuna babu. "Babu gani, wa kufanya kazi mkongeni? Hao wako kila nyumba." Lakini aliinuka, akaingia ndani, akatoka na mkebe wa biskuti wa bati uliochubuka rangi. Ndani mlikuwa na tasbihi iliyokatika, risiti za kodi zimekuwa rangi ya chai, na mfuko wa nailoni uliokunjwa mara nne.

Kwenye mfuko palikuwa na kipande. Wenye umri wanakijua: kadi ya kibarua wa mkonge, yenye viboksi vya siku 30, na kila siku uliyofanya kazi inatiwa alama. Kikijaa ndipo unalipwa. Hiki kilikuwa na alama 22, kisha vimebaki viboksi vitupu. Karatasi imelainika kama kitambaa. Wino wa jina umefifia lakini unasomeka ukiuelekeza kwenye mwanga, na nilitoka nacho mpaka kwenye ngazi ili nipate lile jua la mwisho.

Hemedi Abdala. Na pembeni yake, kwa mkono wa karani yule yule, ndani ya mabano: Mrefu.

Nilifurahi kupita kiasi. Nilimweleza shangazi kwamba hiki ni kitu kikubwa, kwamba pale shambani lazima walikuwapo akina Hemedi Abdallah zaidi ya mmoja, na karani, ili asimlipe huyu siku za yule, akawatia lakabu, na lakabu ya babu ndiyo hii hapa, Mrefu, nani katika ukoo aliijua? Nilizungumza muda mrefu. Nilimtaja mpaka Tippu Tip.

Shangazi aliacha kumenya ndizi.

"Mrefu?" akasema. "Baba'ngu mimi?"

"Ndiyo imeandikwa hapa, shangazi."

"Baba akitaka taa ishushwe alimwita mama. Kwenye msumari ule ule alioupigilia mwenyewe, kwa kupanda kinu." Alinyoosha mkono kuonyesha kimo, mkono ukakoma mahali pa chini sana. "Mrefu!"

Nikasema labda walimtania. Vibarua wana utani wao, mfupi anaitwa Mrefu na mnene anaitwa Sindano, na jina likishaingia kwa karani limeingia. Nikasema pia, kwa sauti ndogo zaidi, kwamba huenda kipande si chake. Siku 22, hazikufika 30, mwenye kadi akaondoka au akaugua au akafa, kadi ikabaki mikononi mwa somo yake.

Shangazi alikichukua kutoka mkononi mwangu. Alikitazama upande wa mbele, akakigeuza, akakitazama nyuma ambako hakuna kitu. Alikuwa amekihifadhi tangu yuko mwari.

"Daftarini utaandikaje?" akauliza.

"Sijui bado. Kurasa za nyuma."

Akakirudisha kwenye nailoni, akakunja mara nne, akaweka chini ya tasbihi, akabana kifuniko kwa kiganja mpaka kikalia.

"Na kikae," akasema. "Mwenyewe akija atakikuta."